Boneti ya Mzee Gideon

"Huyu ndiye anasema anatengeneza gari langu," Mzee Gideon aliwaambia vijana wa bodaboda, akimwonyesha Edgar kwa ncha ya fimbo. "Mtazameni vizuri. Mwezi mzima anachuna tu. Lingekuwa kuku, hata mifupa isingebaki."

Vijana wakacheka. Walicheka kila siku saa tatu asubuhi, maana kila siku saa tatu asubuhi mzee alikuja na kigoda chake, akakaa mbele ya banda la Edgar kando ya barabara pale Kayanga, akaanza. Banda, yaani mabati na nguzo, lilikuwa la Edgar. Kiwanja kilikuwa cha mzee. Na wewe ukikaa kwenye kiwanja cha mtu, akikutukana unasikiliza mpaka mwisho.

"Shikamoo, mzee," Edgar alisema bila kuinua kichwa kwenye msasa.

"Usinishikamoo. Nijibu. Leo Jumatatu. Jubilei yangu Jumamosi. Gari liko uchi. Nitampeleka mke wangu kanisani ndani ya gari lililo uchi?"

Gari lenyewe lilikuwa Pijo 404, kuukuu, la mwaka sabini na moja. Ndilo lililombeba Felicitas siku alipoolewa na Gideon, na Jumamosi hiyo lilitakiwa limbebe tena, miaka hamsini ya ndoa, aingie nalo kanisani watu wamwone. Wilaya nzima ya Karagwe ililijua. Walichokuwa hawakijua ni yaliyokuwa chini ya rangi yake ya maziwa. Chini ya rangi kulikuwa na rangi nyingine, chini ya hiyo kulikuwa na puti ya kuzibia mashimo, na chini ya puti kulikuwa na kutu, kwa sababu kila mzee alipoona kipele alitafuta fundi wa haraka apulize juu. Sakafuni upande wa abiria palikuwa na tundu, na Felicitas alikuwa ameliziba kwa kipande cha gunia la kahawa, bila kumwambia mtu, mwaka wa kumi sasa.

"Ndivyo linavyotakiwa kuwa," Edgar alisema. "Mzee, nikiacha kutu hata punje nikapuliza rangi juu, itaendelea kula chini kwa chini. Miezi sita tu utaiona imevimba imetoka nje. Chuma lazima kiwe cheupe, kikavu, kisiguswe kwa mkono, na praima, rangi ya kuzuia kutu, ipigwe siku hiyo hiyo."

"Kisiguswe kwa mkono! Kwani ni mkate wa meza ya Bwana?"

"Jasho, mzee. Lina chumvi."

"Mimi ningekupa gari lako juzi!" sauti ilitoka ng'ambo ya barabara. Alikuwa Fidele, fundi rangi mwenzake, mtu asiye na banda, anayefanya kazi chini ya vibaraza vya watu na kufukuzwa kila wiki. "Puti kidogo, rangi makoti mawili, mama anapanda!"

Mzee Gideon alitabasamu. Aliipenda sana saa hiyo ya siku, mafundi wawili wanapogombania kazi yake.

"Umemsikia mwenzako. Sasa sikiliza. Siku ya jubilei mwenyekiti wa kitongoji atakuwepo kwangu. Gari likitoka safi, mbele ya watu wote nitamwambia aandike kwamba kiwanja hiki utakikalia miaka kumi, sitakuuliza kitu. Nikiona kutu, hata ya ukubwa wa chawa, Fidele atahamia hapa, na wewe utakwenda kupaka milango ya vyoo huko kwenu Igurwa."

Bodi ilikuwa imeshapigwa praima. Ilibaki milango minne na boneti. Kwa sababu Kayanga hakuna apitaye asiguse, na vumbi la barabara halina adabu, Edgar alikodi kirikuu, kigari cha mizigo, akavipeleka vyuma nyumbani, Igurwa, akavichune huko kwa utulivu.

Utulivu! Nyumba yenyewe ilikuwa na Vero, mkewe, na Kokuberwa, mama yake.

Jumatano asubuhi vyuma vilikuwa vimelala kwenye kichanja nyuma ya nyumba, vyeupe, vinang'aa mpaka kuku waliogopa kupita chini yake. Edgar alichukua kopo la praima, akalifungua, akachomeka kijiti. Kijiti kilisimama chenyewe. Praima ilikuwa imeganda, kwa kuwa mtu fulani hakufunga kifuniko vizuri, na mtu huyo alikuwa Edgar mwenyewe. Kwa hiyo hakukuwa na wa kugombezwa, jambo lililomzidishia hasira.

"Nakwenda Kayanga kununua nyingine," alisema. "Mvua ikitaka kunyesha, funikeni hivi vyuma kwa turubai. Lakini msiviguse. Mama, umesikia? Usiguse."

"Mimi ni mtoto?" Kokuberwa aliuliza.

"Mtoto angesikia mara moja," alisema Vero akipita na ndoo.

"Mwanangu, umemsikia mkeo?"

"Sijasikia kitu," alisema Edgar, akapanda bodaboda.

Dukani kwa Abdallah praima ilikuwa imekwisha. Nyingine ilikuwa njiani kutoka Bukoba, ingefika saa tisa. Saa tisa ikawa saa kumi na mbili, gari la mizigo limekwama, na mvua ikafunga njia. Edgar alilala kwenye banda lake juu ya viti vya Pijo.

Igurwa wingu lilitokea saa kumi. Turubai ilikuwa moja. Kahawa ya Vero, debe nane za mwanzo wa msimu, ilikuwa imeanikwa uani. Vyuma vilikuwa kwenye kichanja. Wanawake wawili walifika kwenye turubai kwa pamoja, kila mmoja akashika ncha yake.

"Edgar alisema vyuma," alisema Kokuberwa.

"Vyuma havilali njaa, mama. Kahawa ikiloa, wewe utakula nini? Utatafuna mlango?"

"Alisema turubai ni ya vyuma."

"Basi vya mwanao vifunike wewe. Si unajua kila kitu?" Vero alivuta, na kwa kuwa alikuwa na miaka thelathini na mwenzake sabini na moja, turubai ikaenda kwenye kahawa.

Kokuberwa alisimama katikati ya uwanja, tone la kwanza likimpiga usoni. Kuviingiza ndani asingeweza, vilikuwa vizito, na alikatazwa kugusa. Akachukua panga, akaingia shambani. Alichagua majani ya mgomba yaliyo mapana, mabichi, yasiyochanika, kama anayeyachagulia pombe ya rubisi au chakula cha wageni wa heshima. Alikata mpaka kanga ikamgandia mwilini. Akayapanga juu ya vyuma moja moja bila kugusa chuma hata kwa kidole, boneti akaipa jani moja kubwa kuliko yote, akakandamiza kingo kwa mawe. Aliingia ndani ameloa, anatetemeka, ameridhika. Miaka yote ya maisha yake hakuna kitu alichokifunika kwa jani la mgomba kikaharibika.

Edgar alifika Alhamisi saa nne, kopo la praima mkononi. Mama yake alimpokea uani.

"Njoo uone," alisema. "Hata tone halikuingia."

Akafunua boneti kama anavyofunuliwa mgeni chakula.

Jani lilikuwa limejichora juu ya chuma. Uti wa katikati ulikuwa mstari wa kutu mnene kama kidole, kutoka pua ya boneti mpaka kwenye kioo. Kutoka kwenye uti huo vishipa vilitawanyika kulia na kushoto, vyembamba, vimepangana, rangi ya chungwa, na pembeni utomvu ulikuwa umeacha madoa meusi yenye kunata. Milango nayo ilikuwa hivyo hivyo. Maji yaliyokuwa kwenye majani yalikuwa yamenaswa chini yake usiku kucha, yakafanya kazi yao.

Kokuberwa aliangalia chuma, akaangalia jani mkononi mwake, akaangalia tena chuma.

"Umeniua," alisema Edgar.

"Mwanangu, mimi nilifunika..."

"Umeniua, mama! Nani alikwambia majani? Nilisema majani? Nilisema turubai! Turubai iko wapi?"

Vero alikuwa mlangoni, amejishika kiuno. Alijua turubai iko wapi, na mkwewe alijua kwamba anajua. Kokuberwa alimtazama mkamwana wake, akimpa nafasi ya kusema. Vero akageuka kwenda kuangalia sufuria.

"Majani haya yamefunika chakula chako tangu unazaliwa," mama alisema taratibu.

"Hiki si chakula! Hiki ni kiwanja changu! Toka hapo, usiguse! Usiguse nimesema!"

Alichuna siku nzima, Vero akimmwagia maji ya kunywa kinywani ili asiache msasa. Kokuberwa alikuja na kipande cha msasa alichookota, akataka kusaidia upande mmoja, akafukuzwa. Akaja tena. Akafukuzwa kwa maneno ambayo jirani Sperancia, aliyekuwa kwenye uzio akijifanya anatafuta kuku, aliyabeba mpaka kisimani na kuyagawa bila kupunguza hata moja.

Ijumaa saa sita mchana milango minne ilikuwa safi na imepata praima. Boneti ilikuwa bado. Alikuwa ameisugua juu juu, lakini mistari ilikuwa imechimba vishimo vidogo, na kila kishimo kilikuwa na kitone chekundu ndani. Kuvitoa vyote kungechukua siku nyingine. Rangi ilitakiwa ipulizwe jioni ile ile, ikauke usiku.

"Piga praima juu," alisema Vero. "Nani ataona?"

"Itatoka baadaye."

"Baadaye utakuwa una karatasi ya miaka kumi. Na mzee mwenyewe ana miaka mingapi ya kusubiri kutu?"

Kokuberwa alikuwa ameketi kizingitini. "Mwambie," alisema. "Mwambie mama yako ameharibu. Mzee ni mtu mzima, naye alikuwa na mama."

"Mama, nyamaza. Ukinyamaza hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua."

"Basi jua peke yako," alisema Edgar. Akavaa kitambaa puani, akajaza praima kwenye bunduki ya kupulizia, akageuza uso kidogo, akapuliza.

Jumamosi ile, nakwambia, Kayanga haijapata kuona gari kama lile. Pijo lilikuja kanisani limeng'aa kama yai lililomenywa, Felicitas ndani amevaa gauni la maziwa la kufanana nalo. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi viatu vyake vilishuka vikavu, kwani Edgar alikuwa ameunganisha bati jipya pale sakafuni, na kila aliyemsalimu alimwambia habari za viatu, ndoa akaisahau.

Nyumbani kwa mzee palikuwa na mahema matatu, ng'ombe mmoja, soda, na rubisi nyuma ya nyumba kwa wasiotaka kuonwa na mchungaji. Mzee Gideon aliliegesha gari katikati ya uwanja ili asiwepo mtu wa kusema hakuliona. Akasimama na kipaza sauti.

"Fidele yuko wapi?" aliuliza. "Aje hapa mbele. Njoo, usiogope, nyama utakula. Haya, itazame hii kazi. Makoti mawili wewe! Tazama, ujione sura yako humo ndani. Umejiona? Mbaya, eh?"

Watu wakaangua kicheko. Fidele alicheka pia, meno ya mbele tu. Mzee akamwita Edgar, akamwita mwenyekiti, mwenyekiti akatoa karatasi na kalamu, akaiweka juu ya boneti ili aandikie hapo.

Ndipo Kokuberwa alipoinuka kwenye mkeka wa akina mama. Alitembea mpaka mbele, akapiga goti kidogo kwa heshima.

"Baba," alimwambia Mzee Gideon, "boneti hiyo ina jani langu ndani."

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Mahema yote matatu yalisikia.

"Ina nini, mama?"

"Jani. La mgomba. Nilifunika kwa mvua, likashika. Mwanangu amepaka rangi juu yake. Litatoka. Msimwandikie bila kujua."

Mtu mmoja alicheka, kisha wengi. "Rubisi ya nyuma imeshafika mbele!" alisema mwingine. Lakini mzee hakucheka. Aliinama, akatazama boneti. Nyeupe, laini, haina hata kovu. Akamtazama Edgar.

"Mama yako anasema nini?"

Kalamu ya mwenyekiti ilikuwa imesimama kwenye neno la tatu. Edgar aliiona kalamu. Alimwona Fidele, aliyeacha kucheka. Alimwona Vero akimtikisia kichwa kwa nguvu.

"Mzee, msamehe mama," alisema. "Siku hizi kichwa chake hakiko sawa. Juzi aliniita mimi kwa jina la marehemu baba yangu. Anaota vitu, akiamka anasema vimetokea. Tunahangaika naye tu nyumbani."

Ikasikika "ooh" ndefu ya huruma. Kokuberwa alimgeukia mwanawe polepole.

"Masikini," alisema Felicitas, mtu wa moyo mwema, na wema wake ndio uliomaliza kazi. "Akina mama, njooni. Mchungaji yupo, tumwombee mwenzetu hapa hapa."

Wakamzunguka. Mikono ikatua kichwani, mabegani, mgongoni, mingine ikiwa bado na mafuta ya nyama. Mchungaji akaomba Mungu airejeshe akili ya mama huyu, azifukuze ndoto zinazomsumbua. Wanawake wakaitikia kwa sauti. Kokuberwa alisimama chini ya mikono hiyo macho wazi, hakuyafumba hata mara moja, akiitazama boneti, na juu ya boneti mwenyekiti akaendelea kuandika.

Kesho yake alifunga kanga zake mbili na Biblia ndani ya mfuko wa sandarusi, akaenda Kibingo kwa bintiye Mackrine. Hakuaga. Vero alisema nyumba imekuwa kubwa. Edgar akaenda Kayanga kwenye kiwanja chake cha miaka kumi.

Mwezi wa kumi na moja senene walianguka kwa wingi. Barabarani pale kila mtu alikuwa na ndoo au chupa, wanawake wakinyonyoa mabawa huku wakipiga soga. Honi ya Pijo ilisikika, na Mzee Gideon akaliingiza gari mpaka mlangoni mwa banda. Alishuka taratibu. Hakuwa na kigoda. Hakutukana mtu. Vijana wa bodaboda walipoona hatukani, wakasogea.

"Edgar, njoo."

Edgar alifuta mikono, akaja. Hakuhitaji kuambiwa atazame wapi.

Boneti ilikuwa imevimba. Malengelenge madogo yalikuwa yamejipanga mstari mnene katikati, kutoka puani mpaka kwenye kioo, na kutoka hapo mistari myembamba ikaenda kulia na kushoto, yote imeinama upande mmoja. Hapa na pale rangi ilikuwa imepasuka, na wekundu ukichungulia.

"Hii ni nini?" aliuliza mzee.

"Kutu, mzee. Mvua za mwaka huu..."

"Kutu naijua, nimeishi nayo. Nauliza hii picha ni ya nini."

Mzee akamwita mama mmoja muuza senene aliyekuwa karibu, Immaculata. "Mama, hebu njoo. Hapa unaona nini?"

Immaculata alisogea na ndoo yake, akainamisha kichwa upande, akashangaa kuulizwa jambo rahisi hivyo. "Si jani la mgomba hilo?"

Watu wote wakaliona. Karagwe nzima hakuna ambaye angeliona akasema ni kitu kingine.

Vero alikuwa amefika na chakula cha mume wake. Alipoona watu na boneti, alielewa, akawahi.

"Ni mama yake, mzee! Yeye ndiye aliyefunika kwa majani, wala hatukumtuma!"

"Wewe mama, nyamaza," alisema mzee. "Aliyefunika alisema. Alikuja mbele yangu akapiga goti akasema." Akamgeukia Edgar. "Mke wangu alimshika kichwa mama yako. Alikesha akimwombea wiki nzima, anamtaja kwa jina. Tumemwombea mtu mzima ambaye ana akili kuliko sisi wote, na wewe umesimama pale unakula pilau yangu."

"Mzee, ningekwambia..."

"Ungeniambia kutu, ningekutukana. Si nakutukana kila siku? Ungekufa? Ningekutukana, nikaenda kanisani na boneti ya praima, watu wangecheka, yangekwisha." Akageukia barabara. "Fidele!"

Fidele hakuhitaji kuitwa mara mbili. Alikuwa ameshavuka barabara, anapima banda kwa hatua za miguu.

"Haya mabati unayaacha," alimwuliza Edgar, "au unang'oa?"

Njia ya kwenda Kibingo ilikuwa na utelezi, bodaboda ikaanguka mara mbili. Edgar alifika kwa Mackrine na tope mpaka magotini. Dada yake alimwona kutoka mlangoni, hakumpa kiti, akamwonyesha kwa kidevu nyuma ya nyumba.

Kokuberwa alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua uso.

"Shikamoo, mama."

Kisu kiliendelea kwenda. Edgar alichuchumaa. Alisubiri "marahaba" mpaka akajua haitakuja.

"Mama, jani limetoka."

"Lote?"

"Lote. Na uti wake wa katikati."

Alimenya ndizi nyingine, akaitumbukiza kwenye maji. "Watu wameliona?"

"Kayanga nzima."

"Wakasema ni nini?"

"Wakasema ni jani la mgomba."

Kokuberwa alizipanga ndizi kwenye sufuria. Akachukua jani bichi lililokuwa pembeni, akalipitisha juu ya moto lilegee, akafunika, akakandamiza kingo pande zote kwa vidole, bila haraka, mpaka mvuke ukakosa pa kutokea. Ndipo akamtazama mwanawe.

"Kwa hiyo umekuja kuniambia nimepona," alisema.